Mti Unaopiga Mluzi

Idil mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu nilipokuwa na umri wako. Ni mluzi mwembamba, kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa huku mawazo yake yako mbali. Haupandi wala haushuki. Hutoka kwenye miti ya fulaay upepo wa mchana unapoinuka. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa peke yangu na mbuzi wetu. Niliwaacha mbuzi palepale nikakimbia hadi kwa mama yangu, Ayeeyo yako, nikamwambia kuna mtu kichakani ananiita.

Hakunicheka. Alinishika mkono akanirudisha. Alivunja kijitawi akakiweka karibu na sikio langu, na nikaona kile ambacho wewe umekiona mara nyingi: miiba miwili mirefu myeupe, na katikati yake kinundu cheusi, kigumu, chenye tundu dogo la mviringo. Sisimizi wakaanza kutoka mle tunduni wakiwa wamekasirika.

"Huyu ndiye mtu wako," akasema. "Ana nyumba, na nyumba ina mlango, na upepo unapita mlangoni pake."

Leo sauti hiyo naiogopa kuliko mlio wa bunduki. Kesho asubuhi lori lenu litasimama kwenye kizuizi cha kwanza, kabla ya mto, kungoja askari wa kulisindikiza. Wasindikizaji mara nyingi hawafiki mpaka mchana, upepo ukiwa umeshaanza. Kando ya kizuizi hicho ndipo palipobaki miti ya mwisho ya fulaay upande wetu wa mto. Na askari wa pale wakisikia mluzi hupiga risasi. Hilo unalijua. Uliuona mkono wa ndugu yangu, Abti Nuur wako, siku walipomleta.

Ninaandika nikiwa nimekaa mlangoni, baada ya sala ya alasiri, kwa sababu taa haziruhusiwi jua likizama. Uko nje, Ayeeyo anakusuka. Nakusikia ukimlalamikia kwamba anavuta. Lugha yetu haina herufi ambazo sote tumekubaliana, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasani, ambacho wewe unakisoma vizuri kuliko wenzako wote. Nitaishona barua hii ndani ya pindo la shuka lako. Utaisoma ukishafika kwa Mwalimu Beatrisi, na utakapoisoma utakuwa umeshapita kizuizi. Nimejaribu mara mbili kuendelea na sentensi hiyo kwa neno "au", na mara zote mbili mkono umekataa.

Kama askari ataikuta njiani na kuifungua, na asome. Sina tena ninachokificha humu, na mwishoni utaona kwa nini.

Sitakuandikia habari za sabuni na viatu, wala nani umwamkie kwanza. Ayeeyo ameshakwambia yote hayo, na Beatrisi alifundisha nami hapa miaka mitatu. Anajua usichokula na saa zako za sala. Nataka kukuandikia makosa yangu. Ni mawili, na yote mawili yanahusu wadudu. Najua utacheka.

La kwanza ni mpungate.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, kichwa kimejaa. Bwana mifugo wa wakati ule, Mzungu, alikuwa ameuzungushia uwanja wake mimea ya ajabu yenye majani manene kama maandazi, iliyojaa miiba. Haikuhitaji maji. Ukivunja kipande ukakitupa chini, kinaota. Nikawafikiria wanawake wetu. Kila msimu walikata matawi ya miiba, wakayaburuta kwa kamba kiunoni hadi mabomani ili fisi wasiingie kwa mbuzi, na kila msimu matawi yalioza au mchwa waliyala, wakaanza upya. Ayeeyo yako ana kovu mgongoni la kazi hiyo. Nikaenda kwa mtunza bustani wa bwana mifugo, nikamwomba gunia moja la vipande, nikalibeba mwenyewe hadi bomani kwetu.

Nilijiona mkombozi. Nakumbuka jinsi Ayeeyo alivyosimama akinitazama nikichimba.

"Huu mti unakula nini?" akaniuliza.

"Hauli kitu, Hooyo," nikamjibu mama. "Unakunywa kidogo tu."

"Na nani anaula wenyewe?"

"Hakuna. Mchwa hawaugusi, fukusi hawaugusi. Ndio uzuri wake."

Kisha akasema, "Mti usioliwa na yeyote hauna majirani." Akaenda zake kukamua.

Niliona ni maneno ya mtu ambaye hakusoma. Naandika hilo kwa aibu, lakini naliandika, kwa sababu na wewe unakwenda kusoma, na utarudi likizo.

Ua lile lilikua kama nilivyosema. Wanawake wa maboma jirani wakaja kuomba vipande, nikawapa, nikawaonyesha namna ya kupanda, nikasifiwa. Mwaka uliofuata niliolewa na aabo yako, na uliofuata ukazaliwa wewe. Mpungate ukazaa matunda mekundu. Nyani wakayapenda, ndege wakayapenda. Ndege walikula, wakaenda kutua juu ya fulaay, wakaacha mbegu kivulini mwake. Huko ndiko mpungate ulikoanza kuota bila mkono wa mtu. Ulipanda polepole katikati ya matawi ya mti, kama mgeni anayesogeza mkeka wake kidogo kila siku, mpaka mwenye nyumba akajikuta amekalia mchanga. Miche ya fulaay haikupata mwanga. Mbuzi waliokula yale matunda wakaota vidonda midomoni kwa vijiiba vyake vilivyo laini kama unywele.

Nilikuwa wa mwisho kuyaona hayo. Nilikuwa nimekuacha na Ayeeyo, una miaka miwili, nikaenda kusomea ualimu. Niliporudi hukunijua. Ulijificha nyuma ya Ayeeyo ukamuuliza, "Huyu nani?" Naye akakujibu, "Huyu ni mama yako, anajua kusoma." Kwa hiyo nikatafuta kitu cha kufanya nawe, kitu ambacho hakikuhitaji unipende kwanza.

Unakumbuka shashi langu jeupe? Mwalimu wangu wa elimu ya viumbe alitufundisha kutandika kitambaa chini ya mti, kupiga tawi kwa fimbo mara tatu, kisha kuhesabu kinachoanguka. Tulianza na fulaay. Wewe uliita, mimi niliandika. Walianguka sisimizi wa aina mbili, weusi na wenye mgongo mwekundu. Akaanguka buibui aliyejifanya sisimizi, akitembea kama wao, akinyanyua miguu ya mbele kama vipapasio vyao, nawe ukapiga kelele, "Hooyo, huyu ni mwongo!" Walianguka viwavi wa kijani waliotunzwa na sisimizi kama sisi tunavyotunza mbuzi, na vunjajungu, na wadudu wagumu wenye migongo ya shaba. Ukavunja vinundu vya zamani ukawakuta wapangaji wengine ambao sikuwa na majina yao kwa lugha yoyote. Tulijaza kurasa mbili za daftari kwa mti mmoja.

Kisha tukatandika shashi chini ya mpungate. Ulipiga mara tatu, ukapiga tena, ukanitazama.

"Umefungwa?" ukaniuliza, kama aliyebisha mlango wa duka.

Tulijaza mistari minne. Nataka niseme ukweli hapa, maana ungekuwa wewe unaandika ungeusema: mpungate haukuwa mtupu. Maua yake ya njano yalijaa nyuki. Kulikuwa na nzi wengi wa matunda, na sisimizi wadogo wa kahawia ambao hukaa popote penye unyevu, hata jikoni kwetu. Ukiwahesabu mmoja mmoja pengine walikuwa wengi kuliko wa kwenye fulaay. Lakini walikuwa walewale, walewale, walewale. Kila tulipotandika kitambaa, mistari minne. Na chini ardhini, mahali ambapo zamani wale wadudu weusi walibiringisha mavi ya mbuzi wakayazika kabla jua halijayakausha, tulikuta mavi makavu yamelala kama yalivyodondoshwa.

Usiku ule nilihesabu maboma niliyoyapa vipande. Kisha nikaacha kuhesabu.

Idil, sikukuambia wakati ule kwamba mimi ndiye niliyeupanda. Ulikuwa unaanza kunizoea. Nilikuacha useme "mti mbaya huu," nikaitikia, "Ndiyo, mbaya," kama ninayezungumzia mtu mwingine.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza, ingawa kwa njia ambayo nisingeweza kuiwaza.

Vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa kichakani, vilipokuja, tukaambiwa tuache maboma tuje tuishi pamoja hapa ndani ya seng'enge, mifugo na watu, tuhesabiwe asubuhi na jioni. Aabo yako alikuwa ameshaondoka na ngamia wa biashara kuelekea Buna. Tulipata salamu moja tu, kisha kimya. Unaniuliza kuhusu yeye, nami nakwambia yuko kwa Mungu na kwa ngamia. Sina jibu lingine.

Askari waliokuja kutulinda, au kutuzuia, hawajui nchi hii. Wametoka bara, kwenye mashamba ya kahawa na mvua mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza upepo ulipopita kwenye fulaay nyuma ya kambi yao walilala kifudifudi wote. Ayeeyo alikuwa akipita na kibuyu cha maziwa. Koplo mmoja, kijana mwenye pengo kwenye meno ya mbele, akamwita kwa bunduki.

"Wewe mama, kuja hapa! Nani anapiga firimbi huko?"

"Hakuna mtu, askari," Ayeeyo akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mdudu nabiga."

"Mdudu inapiga firimbi?"

"Mdudu natoboa, ubebo nabiga."

Koplo akawageukia wenzake. "Mmesikia? Shifta wa huku ni wadudu! Tutawapulizia dawa!" Wakacheka wote, kicheko cha watu ambao bado wanatetemeka. Ayeeyo naye akacheka, akawauzia maziwa. Aliporudi nyumbani akaniambia, "Wale watoto wanaogopa sana. Mtu akawaeleze vizuri. Wewe una Kiswahili."

Sikwenda. Nilijiambia si kazi yangu.

Siku chache baadaye mkubwa wao akaniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniketisha. Akaniuliza jina, kazi, idadi ya watoto. Kisha akauliza, "Mumeo yuko wapi, mwalimu?"

"Sijui, afande."

Akaandika. Sikumwona akiandika neno moja tu. Aliandika mstari mzima.

"Na hao wanaopigiana miluzi kwenye miti nyuma ya kambi yangu, ni akina nani?"

Nilikuwa najua, Idil. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili. Lakini nikaona kwamba nikisema najua mluzi, ataniuliza ninajua nini kingine. Mwanamke anayejua siri za kichakani atawezaje asijue alipo mumewe? Mtu anayesema sisimizi wanapiga mluzi atakuwa anamfanyia ofisa mzaha, na mwenye mzaha ana kitu anachokificha. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa muda wa pumzi moja.

"Sijui, afande," nikasema.

"Sijui" ya kwanza ilikuwa kweli na ya pili uongo, na kinywani zilifanana kabisa. Akaziandika zote mbili.

Kesho yake wakaanza kukata fulaay. Wiki nzima tulisikia mapanga. Walikata kila mti nyuma ya kambi, wakachoma, na ulisimama kwenye seng'enge ukitazama sisimizi wakipanda juu ya vigogo vinavyowaka. Kisha yule mkubwa akaniita tena. Safari hii alitabasamu. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni fundi wa mpungate. Alitaka ukuta wa mpungate kuzunguka kijiji chote, nyuma ya seng'enge, mnene, usiopitika, na usio na tundu la kupiga mluzi. Je, naweza kuwafundisha wanawake kupanda?

Nikawafundisha. Nilitembea mbele yao na gunia kama nilivyotembea nilipokuwa na miaka kumi na saba, na Ayeeyo alikuwa kwenye mstari, akipanda kila askari alipomshika bega. Alipofika karibu nami aliniuliza kwa sauti ya chini, "Safari hii nani anaula?"

Sasa unauona kila asubuhi ukienda msalani. Nzi wamekuwa wengi mpaka watoto wa darasa langu wanafumba macho wakisoma. Huenda ni mpungate uliowafukuza waliokuwa wakizika mavi. Huenda ni sisi kufungwa na mifugo yetu mahali pamoja. Sijui kugawa lawama, na hii ni "sijui" ya kweli. Najua tu kwamba ulipotandika shashi mwezi uliopita, ndani ya kijiji kizima, ulirudi na mistari minne.

Na unakumbuka siku ile koplo alivyokufokea? "Wee katoto, hiyo kitambaa nyeupe unapungia nani?" Nilitoka mbio. Lakini wewe ulikuwa umeshamjibu: "Simpungii mtu, afande. Nahesabu wadudu. Ukitaka, shika fimbo." Akaishika! Akapiga mara tatu, akainama, akakuuliza hiki ni nini na kile ni nini. Akakwambia kwao wanakula kumbikumbi wa kukaanga na chumvi, nawe ukafanya kama unatapika, akacheka mpaka pengo lake lote likaonekana. Dakika kumi nzima hakuna aliyeogopa mtu. Nilisimama pale nikaona kwamba mtoto wangu amefanya, bila kujua, kile nilichoombwa na mama yangu nikakataa.

Hata hapo sikwenda.

Kisha yakaja ya Abti Nuur. Alikuwa utingo juu ya lori la ngozi lililosimama kizuizini. Upepo ukaja. Askari mgeni aliyekuwa zamu akasikia mluzi kutoka kwenye ile miti iliyobaki, akadhani ni ishara ya kuvamia, akapiga. Wenzake wakapiga kwa sababu yeye amepiga. Risasi ikapita kwenye mbao ikaingia begani kwa ndugu yangu. Hakuna aliyevamia. Mluzi uliendelea mpaka upepo ulipochoka.

Nilimwosha kidonda. Aliniambia kwa kicheko chake kilekile, "Dada, nimepigwa kwa ajili ya sisimizi. Ukinitafutia mke, usimwambie." Nami nilikuwa nimeshika kitambaa chenye damu, nikijua kwamba risasi ile ilitoka kinywani mwangu mwaka mzima uliopita. Mkono wake haupandi juu ya kifua mpaka leo. Hajui. Atajua barua hii ikisomwa, na ningependa wewe umsomee.

Utajiuliza kwa nini hata baada ya hapo niliendelea kunyamaza. Kwa sababu sasa ningeulizwa, "Mbona mwanzo ulisema hujui?" Ndivyo hofu inavyofanya, Idil. Niliipanda mara moja, kipande kimoja, na baada ya hapo haikuhitaji maji yangu. Iliota kwenye kivuli cha kila jambo jingine. Nilianza kuwaogopa askari, kisha nikawaogopa majirani, wasije wakaniona nikiingia ofisini wakaniita mpeleka habari, kisha nikaogopa upepo. Siku hizi upepo ukivuma nafunga mlango, mimi niliyelelewa nao.

Jana jioni, tulipokuwa tunakunja nguo zako, ulinionyesha pasi zetu mbili za safari, yako na yangu, umezipanga sawa kama kadi. Watu hapa bado wanasema mtu anayevuka mto "anakwenda Kenya", ingawa tunaambiwa hata huku ni Kenya, nawe ulikuwa ukirudiarudia kwa wimbo: tunakwenda Kenya, tunakwenda Kenya. Kisha ukaniuliza, "Hooyo, utakaa upande gani wa lori?"

Ukadhani sijasikia. Nilikuwa nawaza upande upi unaelekea ile miti. Nilikuwa napanga nikukalishe wapi ili mwili wangu uwe katikati yako na mbao. Nikauwaza mwili wangu mzima, mabega na kiuno, nikaona hautoshi. Wewe umekuwa mrefu. Miguu yako ingebaki nje.

Sikulala. Na kabla hujaamka leo nilikuwa nimeshajua kwamba sikuwa na ukuta wowote wa kukuwekea isipokuwa lile neno ambalo sikulisema.

Basi nikaenda. Saa sita mchana, uliponiona nikitoka na shashi jeupe begani, sikuwa nakwenda sokoni. Nilipita kizuizini kwanza. Nikamwomba yule koplo mwenye pengo ruhusa ya kuvunja tawi moja, akanipa kwa sababu alikukumbuka wewe. "Mama Wadudu," akaniita, "na leo mtoto yuko wapi?" Nilifunga tawi ndani ya shashi nikamwomba anifuate kwa mkubwa wake, kama shahidi.

Niliwafungulia shashi juu ya meza. Sisimizi wakatawanyika kwenye karatasi za serikali, mmoja akamuuma afande kwenye kidole, naye akakitia mdomoni kama mtoto. Koplo alikohoa kuficha kicheko. Nilichukua kinundu kikavu kabisa, nikakipangusa, nikakiweka mdomoni nikapuliza juu ya tundu lake.

Niliona mkono wa koplo ukienda wenyewe kwenye bunduki, kisha ukasimama njiani. Akautazama mkono wake.

"Ni hii?" akasema. "Siku zote ni hii?"

"Ni hii."

Afande alikichukua kinundu akakigeuza. "Mwaka jana ulisema hujui, mwalimu."

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi, afande. Mwanangu anapita hapo kesho."

Alisema kwamba basi atakata miti iliyobaki, leo hii, yaishe. Nikamwambia kwamba ng'ambo ya mto fulaay haina mwisho, na askari wake watavuka, na upepo utavuka nao. Kukata hakutawafundisha kitu. Atakayejua sauti ile ni ya nani hatapiga risasi. Asiyejua atapigia hata panzi. Nilishangaa kuisikia sauti yangu. Ilikuwa ya darasani.

"Na nani atawafundisha?" akauliza. "Askari wa chini wanabadilishwa kila mwezi."

Hapo ndipo nilipoelewa bei yake, na sikuitisha muda wa kufikiri, kwa sababu ningefikiri ningeogopa.

"Mimi," nikasema. "Kuanzia kesho asubuhi, kizuizini."

Akanyoosha mkono. Nikatoa pasi yangu ya safari, nikaiweka mezani katikati ya sisimizi. Akaifungia kwenye mtoto wa meza. Amesema nitakuwa pale kila siku ya lori, mpaka atakaponiachia. Amesema pia kwamba atafikiria tena zile "sijui" mbili, na sikumwuliza maana yake. Nilipotoka, wanawake wawili wa kisimani waliniona nikitoka mlangoni mwake, wakageuza nyuso. Nilijua itakuwa hivyo. Nimewapitia nikawasalimu.

Ayeeyo nimemwambia. Ameendelea kukusuka.

Kesho lori litakaposimama utaniona nje yake, chini ya miti, nimetandika shashi, na askari wa zamu wamenizunguka, kila mmoja na fimbo yake. Upepo utakapokuja, mluzi utakapoanza, nitakuwa nimesimama kati yao na ninyi, nikiwatajia majina ya wote wanaoanguka, polepole, kuanzia kwa yule buibui wako mwongo. Sijui kama itatosha. Afande amekubali, koplo ameuliza kama anaweza kuleta daftari, lakini risasi huanza na mmoja tu, na simjui atakayekuwa zamu.

Nafasi yangu kwenye lori, upande wa kulia, nimempa Abti Nuur. Koplo ndiye aliyemwombea pasi, ili aende akatazamwe bega hospitali ya huko. Ameshafunga mzigo wake.